Upande wa Kapteni

Siku ya mwisho ya tamthilia ya Miaka ya Chumvi watu walituletea nguo safi tuzifue. Sitanii. Mwalimu wa shule ya jirani alileta koti alilolichukua kwetu jana yake, bado lina mikunjo ya pasi yetu wenyewe, akasema lina doa. Nikamuuliza doa liko wapi. Akasema, "Litafute, si wewe ndiye fundi?" Akavuta kiti, akakaa mbele ya runinga, na habari ya doa ikafia hapo hapo.

Sisi ni duka la dobi. Mashine tatu nyuma, meza ya kupigia pasi katikati, kaunta mbele, na juu ya kabati la nguo zilizokwisha tayari iko runinga ambayo Dada aliinunua akisema ni ya wateja wanaosubiri. Wateja wanaosubiri wakawa mtaa mzima. Mimi kazi yangu ni kurudishia vifungo na kuziba mishono iliyofumuka, naketi pembeni karibu na dirisha. Stashahada yangu ni ya ukutubi, lakini maktaba zilinikataa na vifungo vikanipokea, na kifungo hakina kelele.

Tamthilia yenyewe ilitoka mbali, imetiwa sauti za Kiswahili juu, mdomo unamaliza kusema na sauti bado inakuja nyuma kama mgonjwa. Mambo ya zamani za magari ya farasi na taa za mafuta. Wanawake wanavaa magauni yanayofagia sakafu. Msichana wetu wa kaunta, tunayemwita Risiti, kila akiyaona alikuwa anaguna, "Mungu wangu, hiyo ikiingia hapa tunaifua kama hema."

Kisa chake ni rahisi. Binti wa mpima chumvi amechumbiwa na Kapteni. Kapteni anapanda farasi mweupe, anakwenda vitani, anaahidi kurudi. Harudi. Binti anangoja, watu wakambatiza Bibi Harusi kwa kumcheka, na miaka inakwenda. Wakati huo kuna Karani wa mizani, mtu wa miwani, asiye na farasi wala mbuzi. Karani anaziba paa la nyumba ya binti likivuja. Anamsomea gazeti mzee mpima chumvi aliyepofuka. Hasemi kitu. Anaaga, anachukua kofia yake, anaondoka. Ndiyo hiyo, misimu na misimu, na sisi tunalia.

Duka lina sheria moja: tamthilia ikianza, pasi chini. Sheria hiyo ilitungwa siku Kapteni alipopigwa risasi ya bega na mpiga pasi wetu akamsahau mteja, suruali ya mtu ikabaki na picha ya pasi matakoni.

Mpiga pasi huyo ndiye Mvuke. Jitu la mikono mifupi na moyo mkubwa, mkewe alifariki zamani, hana mtoto. Mashine ikigoma, Mvuke anaingia chini yake kabla hatujamwita. Bibi akitakiwa kwenda kliniki, Mvuke ndiye anayembeba ngazini kama mzigo wa mayai. Na Mvuke alikuwa shabiki wa Kapteni mpaka aibu. Alifuga masharubu ya Kapteni. Akimaliza shati gumu anapiga saluti ya Kapteni. Nikimwambia, "Kapteni mwenzangu, farasi umemfunga wapi?" anajibu, "Yuko kwa dobi," na tunacheka wote.

Dada ndiye mwenye duka. Tunamwita Dada hata sisi tuliomzidi umri, maana jina lingine halimkai. Mumewe alikwenda ng'ambo kutafuta kazi. Mwanzoni simu kila wiki, halafu sikukuu kwa sikukuu, halafu kimya, halafu habari ikaletwa na watu kwamba huko ana nyumba nyingine na watoto. Dada akaenda kwa hakimu, akapata talaka yake yenye muhuri. Hilo lilikwisha. Kilichobaki ni midomo, na midomo haina hakimu. Mtaa ulikwisha kumfanya picha ya ukutani: mwanamke wa mfano, amekaa, ametulia, anamlea mama mkwe. Ukishawekwa ukutani kushuka ni kazi.

Mama mkwe huyo ndiye Bibi. Talaka ilipotoka watu walidhani atafunga vyombo aende kwa binti yake. Hakwenda. Alisema, "Yule nimemzaa, lakini nimezeeka na huyu." Kiti chake kipo chini ya runinga, shingo imepinda kwa kuangalia juu.

Basi Mvuke akamposa Dada. Nilijua kwa sababu aliniambia kama siri, na siri ya Mvuke hutolewa kwa sauti ya kuishinda mashine. Nikamuuliza amejibiwa nini.

"Kaniambia ngoja tamthilia iishe."

"Basi kakukataa kwa adabu."

"Hapana, Fundi. Alicheka. Lakini macho hayakucheka."

Nami nina macho. Nilianza kuangalia. Karani akiwa juu ya paa na misumari mdomoni, Dada haangalii runinga, anaangalia meza ya pasi. Ambako Mvuke, mikono kiunoni, anasema, "Huyu mtu wa miwani atatoka lini tumwone Kapteni?"

Asubuhi ya siku ya mwisho Dada alikuja kwenye dirisha langu kabla wengine hawajafika. Aliweka mbele yangu blauzi isiyo na shida yoyote.

"Fundi, ukisikia nimeolewa utacheka?"

"Nitacheka sana. Harusi isiyo na mtu wa kucheka ni kikao."

"Sitanii."

Nikaweka sindano chini.

"Nimemwambia Mama," akasema, yaani Bibi. "Kaniuliza mbona nimechelewa. Nilidhani atalia. Mimi ndiye niliyelia." Akaigeuza ile blauzi, akaigeuza tena. "Leo ikiisha tu nitamjibu. Naogopa kitu kimoja. Nisije nikaingia nyumba ya mtu ambaye moyoni ananiona kama watu watakavyoniona. Watu wa nje nitawafungia mlango. Wa ndani nitamfungia wapi?"

"Mvuke? Mvuke anakuona wewe kama jua."

"Jua huwa haliulizwi lilikuwa wapi jana," akasema, akachukua blauzi yake akaenda kufungua maji.

Jioni duka likajaa. Walikuwepo Mwalimu na koti lake, Askari wa kituo cha jirani aliyevua kofia kama yuko ibadani, akina mama wa ghorofani, na watu nisiowajua wakiwa wameshika fulana moja moja. Pasi chini. Mashine zikazimwa. Dada na Risiti walisimama nyuma wakikunja mashuka ya nyumba ya wageni, kazi isiyo na kelele: huyu anashika ncha hizi, yule zile, wanasogeleana, wanaachana.

Na Kapteni akarudi.

Duka lilipiga kelele hata sikusikia farasi. Kapteni na ndevu za mvi, nishani kifuani, anashuka mbele ya lango. Mvuke alipiga saluti, na haikuwa ya utani. Bibi Harusi akatoka. Wakaangaliana, muziki ukazidi, mama mmoja wa ghorofani akaanza kuomba kwa sauti. Bibi Harusi akasema, na sauti ya Kiswahili ikachelewa kidogo kama kawaida yake, "Umekuja kuchukua nini?" Kapteni akafungua mdomo. Bibi Harusi akarudi ndani akafunga mlango, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Ndani Karani alikuwa anakata utambi wa taa. Hakuuliza nani yuko nje. Bibi Harusi akavuta kiti, akakaa karibu naye. Basi. Majina yakaanza kupanda.

Halafu Risiti: "Ndiyo imeisha? Hata pete? Hata busu moja la shavuni? Nimeangalia miaka yote nione gauni la harusi, naonyeshwa utambi!"

"Ni uhuni!" Askari akasimama. "Mtu alikuwa kazini! Alitumwa! Unamfungia mlango mtu aliyetumwa?"

"Alitumwa asiandike hata barua?" mama wa ghorofani akamrukia. "Kalamu zilikwisha huko vitani?"

Mwalimu akasema mwisho ni mzuri ila umeharakishwa, kama mtihani uliomalizwa kengele imeshalia. Mwingine akasema yeye alitaka Karani, lakini Kapteni naye jamani, zile mvi! Mmoja analia, mmoja anatukana, na wengine walikuwa wanalia na kutukana kwa pamoja, maana hawakujua walitaka nini mpaka walipokipata.

Bibi akatuliza duka. Alisema kutoka kwenye kiti chake, shingo bado juu, "Kachelewa. Hata maji ya kuoga ukiyaacha yanapoa, sembuse mtu." Watu wakamwangalia. Kila mtu pale alimjua ni mama wa nani.

Nikamwangalia Dada. Alikuwa ameshika ncha za shuka, ameiva uso kama msichana. Nikasema moyoni, haya, imekwisha vizuri, kesho tunatafuta ngoma.

Ndipo Mvuke akaongea.

"Bibi, nisamehe, wewe ni mama yangu. Lakini huyu mwanamke ni mwanamke gani? Angoje miaka yote, tumsifu, tumlilie, halafu mwisho achukue kilicho karibu?"

"Mvuke," nikasema.

"Niache, Fundi, nina uchungu! Na huyo Karani! Mnamwita mwanaume huyo? Huyo ni fisi. Fisi anamfuata mtu njia nzima akingoja mkono udondoke. Eti kaziba paa! Kuziba paa ndiyo uchumba? Eti kamsomea mzee gazeti! Anajipendekeza kwa mzee ampate binti, nani asiyeziona hizo?"

Nikamkanyaga mguu.

"Mbona unanikanyaga?" akaniuliza mbele ya watu wote.

Duka lilikuwa linacheka. Askari alikuwa anampigia makofi. Watu wa pale walimwona Mvuke akimbeba Bibi ngazini kila mwezi, na hakuna hata mmoja aliyeunganisha, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakuunganisha. Miaka yote ile alikaa mbele ya kioo cha runinga akimwangalia Karani akiishi maisha yake yeye, na alichoona ni farasi.

Dada hakuacha kukunja. Alimsogelea Risiti, akampa ncha, akarudi.

"Kwa hiyo ungekuwa wewe ndiye Karani?" akauliza. Sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza sabuni imebaki kiasi gani.

"Mimi? Ningeondoka mapema! Mwanaume mwenye haya haingii kitanda cha mwenzake."

"Na yule mwanamke?"

Mvuke akatikisa kichwa. Alikuwa na furaha, ndio ubaya wake. Alikuwa na ile furaha ya mtu anayesikilizwa na duka zima.

"Huyo hata nikipewa bure, Dada, nisingelala usingizi. Aliyemfungia mlango wa kwanza, wa pili atamfungia lini?"

Watu wakaangua kicheko, Askari akasema, "Andika hiyo!" Bibi alifumba macho. Dada akamaliza shuka lile, akalipiga kwa kiganja likalala sawa, akachukua lingine.

"Sawa," akasema.

Kesho yake Mvuke alikuja mapema. Masharubu yametiwa mafuta, shati jeupe amelipiga pasi mwenyewe mpaka linakata. Akanikonyeza. Nilitaka kumvuta pembeni, lakini alikwishafika kaunta.

"Dada, tamthilia imeisha."

"Imeisha," Dada akasema. Alikuwa anapanga vibandiko vya namba.

"Basi mimi nimekuja kwa jibu langu."

"Jibu si ulishatoa jana?"

Mvuke akacheka. Akaniangalia mimi nimsaidie kuelewa utani. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano, na tundu la sindano siku hiyo lilikuwa dogo sana.

"Jana? Jana tuliongea habari ya…" Akasimama hapo. Nililiona lile jambo likimwingia, pole pole, kama maji yanavyopanda kitambaa. Mkono ukaenda kwenye masharubu ukabaki pale. "Dada. Ile ni tamthilia."

"Najua."

"Nilikuwa naongelea watu wa kwenye kioo!"

"Nilikuuliza mara mbili."

"Sikujua unaniuliza mimi!"

"Ndiyo maana niliuliza vile. Ningekuuliza wewe, ungenijibu vizuri."

Alijaribu. Alisema yeye ni mjinga, mdomo wake hauna breki, Fundi ni shahidi. Alisema alikuwa upande wa Kapteni kwa sababu ya farasi tu, na haya masharubu ni upuuzi, atayanyoa leo. Alisema kwamba hajawahi hata siku moja kumfikiria Dada hivyo, na nilimwamini. Nadhani hata Dada alimwamini. Alikuwa anatokwa jasho kwenye shati lile jeupe. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, bila hasira, na kutokuwa na hasira kwake ndiko kulikonitisha.

"Nguo za hoteli zinachukuliwa saa nne," akamwambia. "Anza na hizo."

Bibi hakukubali. Mchana alimwita Dada kwenye kiti chake, na kiti kile hakiko mbali na dirisha langu.

"Mwanangu, yule bwege hakujua anasema nini."

"Mama, ndiyo maana neno lake ni la kweli. Asiyejua anachosema hapambi."

"Mtu hahukumiwi kwa tamthilia."

"Simhukumu. Ni mtu mwema, kuliko wengi." Dada alikaa chini, miguuni kwa Bibi. "Lakini tuseme nimeolewa naye. Mwaka wa kwanza asali. Siku moja tunagombana juu ya kitu cha kipuuzi, mlango haukufungwa, sijui nini. Na lile neno linatoka. Wa pili atamfungia lini. Safari hiyo halitakuwa juu ya kioo, na mimi nitakuwa nalisikia mara ya pili. Sitaweza, Mama. Mara moja nimeweza."

"Na lisipotoka?"

"Nitakuwa nalingoja. Na kungoja mimi nimeshangoja sana."

Bibi alimshika kichwa, akamvuta kwenye goti lake. "Aliyekuacha nimemzaa mimi," akasema, "na aliyekufaa amekuja kusema pasipotakiwa neno. Wanaume hawa mnawaokota wapi?" Alitaka iwe mzaha. Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi huwa nacheka hata msibani.

Mvuke hakuacha kazi. Angekwenda wapi, na sisi tungepata wapi mwingine? Alinyoa masharubu siku ile ile, akabaki na mdomo wa juu mweupe kama wa mtu aliyekunywa maziwa. Na ubishi wa mtaa haukuisha. Wiki zikapita, watu wanaingia na shati moja na hoja tatu. Kukawa na uvumi kwamba huko ilikotengenezwa kuna mwisho mwingine, umefichwa, Bibi Harusi anapanda farasi na Kapteni. Askari aliapa kwamba binamu yake ameuona.

Mvuke sasa alikuwa upande wa Karani. Nilikuwa nainamisha kichwa nisimwone. Mteja akianza tu, yeye anadakia, na pasi inatoa moshi. "Karani ndiye mwanaume! Kapteni alifanya nini? Kuziba paa la mwenzio kwa misimu yote, unadhani mchezo? Na yule mama alifanya haki yake, tena alichelewa!" Alikuwa anasema kwa sauti kubwa, uso kwa mteja na mgongo kwa kaunta, kila neno linarushwa nyuma ya bega. Yalikuwa maneno mazuri. Yangefaa sana siku ile nyingine.

Dada alikuwa akimwambia, "Mvuke, angalia hiyo kola." Basi.

Jumamosi moja Mwalimu alikuja kuchukua koti lake, lile la doa, ambalo tulilifua kwa heshima tu. Akakuta ubishi umewaka, Askari huku, Mvuke kule. Mwalimu akaegemea kaunta.

"Lakini jamani, mtu mmoja hatujamsikia. Dada, wewe mwenye runinga. Uko upande gani?"

Watu wakamgeukia. Kweli, hawajamsikia. Mvuke aliinua pasi juu akabaki nayo hewani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aligeuka akamwangalia usoni. Risiti akaniangalia mimi. Bibi shingo yake ikashuka kutoka kwenye runinga.

Dada alikuwa anatafuta namba ya koti kwenye vyuma vya kutundikia nguo. Akalipata, akalitoa, akalipangusa bega.

"Mimi ile ya mwisho sikuitazama, Mwalimu," akasema. "Nilikuwa nakunja mashuka."

"Ah! Umekosa!" Mwalimu akasema, akaanza kumsimulia kutoka mwanzo, farasi, lango, utambi, na Dada akasimama akamsikiliza kwa adabu, anaitikia "ehee," "ehee," kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Mvuke akairudisha pasi kwenye suruali iliyokuwa mbele yake, akaipitisha mguu mmoja, akageuza, akapitisha wa pili.